Mtoto Akiugua Muda Mrefu: Maswali Tunayoulizwa na Majirani wa Vijijini Muheza

Tunaishi chini ya milima ya Amani, wilayani Muheza mkoani Tanga, kwenye vijiji vya machungwa na pilipili manga. Kwa miaka kadhaa sasa, baadhi yetu majirani tumekuwa tukishikana mkono kila mtoto wa kijijini anapopata ugonjwa wa kulazwa wiki na miezi. Ofisi hatuna. Tuna daftari moja na mtu wa kulitunza. Maswali haya tunaulizwa kisimani, kwenye vikoba na njiani tukitoka shamba, na tumeyajibu hapa kama tunavyoyajibu ana kwa ana.

Familia ya mtoto mgonjwa inahitaji nini hasa? Si dawa?

Dawa mara nyingi si ndiyo inayoikwamisha familia. Hilo tulijifunza kwa uchungu. Jirani yetu mmoja alikuwa na binti wa miaka minne anayetibiwa uvimbe wa figo Dar es Salaam. Mtoto alikuwa anaendelea vizuri, na fedha ya dawa hawakudaiwa. Mama akaruhusiwa kurudi nyumbani kusubiri mzunguko wa dawa unaofuata. Siku ya kurudi hospitali ikafika, ikapita. Sisi majirani tulimwona anapita na ndoo ya maji, tukamsalimia, tukadhani bado yuko kwenye mapumziko.

Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta jikoni anachambua mchicha. Faili la hospitali lilikuwa limetundikwa juu ya mlango, ndani ya mfuko wa nailoni, panya wasilifikie. Machungwa yalikuwa yameiva na mnunuzi ametoa bei ya kuumiza. Watoto wengine watatu walikuwa wanalelewa na bibi yao, ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba. Mbuzi walikuwa wameshauzwa. Nikamuuliza kwa nini hajarudi hospitali. Akanijibu bila kuinua macho: "Dawa wananipa, dada. Ila huku nikiondoka, nani anabaki?"

Tangu siku ile hilo ndilo swali letu la kwanza. Tukiingia kwenye nyumba yenye mgonjwa hatuanzi na "mnataka shilingi ngapi". Tunauliza nani anabaki na watoto, nani anapalilia, nani anachuma machungwa, nani anamchotea bibi maji. Ukipata majibu ya hayo, nauli na sabuni zinafuata. Yule mama alirudi hospitali akiwa amechelewa karibu mwezi mzima. Wanaume wawili walimchumia machungwa, shangazi wa watoto akahamia kwa muda pale nyumbani, sisi wengine tukachanga nauli.

Tuchange kiasi gani, na lini?

Kidogo, na kila mara. Najua wengi wetu tumezoea mchango wa kishindo: mtoto anaugua, watu wanakusanyika, zinapatikana fedha nyingi siku moja, kisha kila mtu anarudi kwake akiwa na amani moyoni. Matibabu ya watoto hayaendi hivyo. Saratani ya damu hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Uvimbe wa figo au wa taya huchukua miezi. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni ya maisha. Fedha ya siku moja inaisha mwezi wa pili, na mwezi wa tano mama anaona haya kuomba tena kwa watu walewale.

Sisi kila nyumba inayopenda hutoa kidogo kila mwezi, kama upatu, isipokuwa mpokeaji ni yule mwenye mgonjwa. Asiye na fedha hutoa siku ya kazi shambani, debe la mahindi, au kulaza watoto wawili kwake. Vyote vinaandikwa kwenye daftari kwa uzito uleule. Fedha hushikwa na mmoja, daftari na mwingine, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi hesabu inasomwa mbele za watu. Hatufanyi hivyo kwa kutoaminiana. Fedha ya mtoto mgonjwa ikitiliwa shaka mara moja tu, atakayekosa nauli ni mtoto.

Lakini mtoto chini ya miaka mitano si anatibiwa bure?

Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, ndiyo: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili msamaha katika vituo vya serikali. Sera haimpandishi mtu basi, wala haimnunulii uji. Na ikitokea dawa imekwisha stoo, unaandikiwa ukanunue duka la nje.

Mtoto aliyevuka miaka mitano asikate tamaa. Kila hospitali kubwa ina afisa ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kuangalia nani hawezi kulipa. Mwendeeni mapema, kabla deni halijafika shingoni. Mtachukuliwa kwa uzito zaidi mkiwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali ya kaya, na kama kaya imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, itajwe humo. Barua hii tunawaombea sisi wenyewe, kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni hana muda wa kumsubiri mtendaji aliyekwenda mkutanoni.

Kuhusu bima: wengi tulizoea CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 na taratibu zinabadilika, kwa hiyo ulizeni zahanati au ofisi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kabla ya kulipa. Tunachosisitiza ni bima ikatwe mtoto akiwa mzima. Akishaugua, kila siku ya kusubiri kadi ni siku ya maumivu.

Tutajuaje kwamba huu si ugonjwa wa kawaida?

Hakuna mzazi anayepaswa kujua jina la ugonjwa. Kinachotakiwa ni kuona kwamba kuna kitu hakiko sawa na kumpeleka mtoto kwa mtu wa kumpima. Kuna dalili ambazo tunaomba kila mtu hapa azikariri. Mboni ya jicho inayong'aa nyeupe kama jicho la paka gizani, wakati mwingine inaonekana kwenye picha ya simu kabla mama hajaiona kwa macho: hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho. Taya linalovimba haraka na meno kulegea. Tumbo lenye donge gumu upande mmoja, ambalo mama huligusa akimwogesha mtoto. Mtoto anayepauka, anayevuja damu puani au kwenye fizi, anayepata michubuko bila kuanguka. Homa isiyokoma wakati kipimo cha malaria kinasema hana. Mtoto mchanga ambaye kichwa kinakua kupita mwili, au anayetoka jasho na kuchoka kila akinyonya.

Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi maskini hawafiki 30. Ugonjwa ni uleule. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kuchelewa kufika, kukosa huduma, na kuacha matibabu njiani. Shirika la Afya Duniani lilijiwekea lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wapone kila mahali. Sehemu ya lengo hilo iko mikononi mwa jirani atakayesema: "Mama Fulani, hilo jicho la mtoto umeliona? Kesho twende wote."

Bibi anasema ni degedege, apelekwe kwa mganga kwanza. Tumjibuje?

Kwa heshima, na kwa haraka. Shikamoo kwanza. Bibi hasemi hivyo kwa ubaya. Amezika watoto wakati hospitali ilikuwa mbali na yeye alifanya alichokijua. Ukimfokea, atakaa kimya na mtoto atapitishwa mlango wa nyuma.

Mwambie hivi: mtoto anayetetemeka, aliyelegea au asiyeamka ana hatari ya malaria kali, na dawa yake imebadilika tangu enzi zake. Zamani ilikuwa kwinini. Utafiti uliotolewa mwaka 2010, uliohusisha watoto zaidi ya 5,000 wa nchi kadhaa za Afrika, wakiwemo waliolazwa hapahapa Hospitali Teule ya Muheza, ulionyesha kwamba sindano ya artesuneti inaokoa watoto wengi kuliko kwinini. Dawa inayotumika leo dunia nzima ilithibitishwa pia kwa watoto wa vijiji hivi. Wazee wetu wakisikia hivyo hunyanyua kichwa, na wana haki. Kisha muombe bibi aje naye kituoni. Dua inaweza kusomwa njiani.

Mtoto wa jirani ana selimundu, kila mwezi yuko hospitali. Tunaweza kufanya nini?

Mengi, kwa sababu selimundu huielemea zaidi nyumba isiyo na wa kuisaidia. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Mtoto huyu anahitaji kunywa maji kwa wingi, kufunikwa asipate baridi, kulala ndani ya chandarua kila usiku, na kumeza dawa zake kila siku hata akionekana mzima. Akiwa mdogo hupewa penisilini ya kumkinga. Wengi pia hupewa vidonge vya foliki, na wapo wanaopewa haidroksiurea, ambayo hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Muulizeni daktari wenu kuihusu.

Mkiwa majirani, jueni mambo matatu yasiyosubiri asubuhi: homa, kupauka ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto, na kupumua kwa shida. Bodaboda mmoja wa kuaminika awe anajua nyumba hiyo na awe amekubaliana na kikundi kwamba usiku anakwenda kwanza, fedha baadaye. Sisi tunaye mmoja. Amewahi kushuka na mtoto saa nane usiku mvua ikinyesha, mama amekaa nyuma kamshika mtoto katikati, na hakudai hata senti mpaka wiki iliyofuata.

Mwalimu naye aambiwe. Mtoto wa selimundu hapaswi kuchapwa kwa utoro, wala kusimamishwa nje asubuhi ya baridi. Na akiomba maji au kwenda chooni mara kwa mara, aruhusiwe.

Ameambiwa ana ugonjwa wa moyo, lakini mbona anacheza mpira? Sindano za kila mwezi za nini?

Ili asije akashindwa kucheza. Maambukizi ya koo yasiyotibiwa yanaweza kuleta homa inayoharibu milango ya moyo, na sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne huzuia shambulio jingine. Akiwekewa tarehe, iandikwe ukutani kwa mkaa kama hakuna kalenda.

Tumepewa rufaa ya Dar es Salaam. Tujiandae vipi?

Kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, au kutoka wilayani, watoto wengi hupelekwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au ya KCMC, Moshi. Matatizo ya moyo hupokelewa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Vichwa vikubwa na mgongo wazi hupelekwa Taasisi ya Mifupa, MOI. Zote mbili ziko eneo la Muhimbili. Kwa saratani ya watoto, shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likishirikiana na Muhimbili kuwatibu watoto bila familia kubebeshwa gharama ya tiba. Wambieni wazazi hili kabla hawajauza shamba. Tumeona watu wakiuza shamba kwanza na kuuliza baadaye.

Barua ya rufaa, kadi ya kliniki, majibu ya vipimo na kitambulisho viwekwe kwenye mfuko mmoja usioingia maji, na kila karatasi ipigwe picha kwa simu ya mtu anayebaki. Kanga mbili za ziada, blanketi, chupa ya chai, kikombe cha mtoto mwenyewe. Kikombe kinaonekana kitu kidogo, lakini wapo watoto wodini wanaokataa kila kitu isipokuwa uji uliomo kwenye kikombe wanachokijua. Namba za simu ziandikwe pia kwenye karatasi, kwa sababu simu huishiwa chaji na huibiwa.

Safari ni ya siku nzima kutoka kijijini: bodaboda hadi barabarani, gari hadi Muheza, kisha basi kupitia Segera na Chalinze. Mama asisafiri peke yake mara ya kwanza. Hata kijana wa miaka kumi na minane wa kubeba begi ni msaada mkubwa.

Kwa mtoto mchanga wa siku chache aliyezidiwa, au mama aliyetoka kujifungua, pigeni 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama.

Nikienda kumwona, niseme nini?

Kuliko maneno, nenda na kitu cha kufanya. Osha vyombo. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi wenye misufi tunajua usufi ulivyo mwepesi. Ndiyo maana maneno ya "jikaze, Mungu hampi mja mzigo asioweza" yanamtoka kirahisi asiyeubeba.

Usiulize amelogwa na nani. Usimsimulie mtoto mwingine aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Na kamwe usimwambie mama kwamba ugonjwa umetoka upande wake. Selimundu, kwa mfano, mtoto huirithi kwa baba na mama wote wawili. Tumeshuhudia ndoa zikivunjika kwa neno moja la wifi lililosemwa uani.

Na baba?

Tunamtafuta. Mara nyingi baba hajakimbia. Yuko mjini anabeba mizigo ili atume fedha, au anaona haya kukaa wodini kwenye kina mama watupu. Wanaume wa kikundi humwendea wao, wakae naye, wamwambie waziwazi kwamba mtoto anamuulizia. Aliyekimbia kweli huitwa na wazee wa ukoo. Katika haya yote, hili ndilo tunalolifanya vibaya bado.

Watoto wengine wa nyumba hiyo?

Wapate chakula, waende shule na madrasa, na waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao. Mtoto asiyeambiwa hufikiri ni yeye aliyesababisha.

Tunaweza kumpiga picha mtoto na kuituma kwenye magrupu ili watu waguswe?

Hapana. Tulishakataa na tutaendelea kukataa. Mtoto mwenye uvimbe usoni atapona, atakwenda sekondari, na ile picha itakuwa inazunguka bado kwenye simu za watu. Tuma maelezo mafupi, jina la mtunza fedha anayejulikana, na kiasi kinachohitajika. Anayetaka kuona kwanza ndipo atoe, akaribishwe aje na chakula.

Hospitali imesema waje watu wa kutoa damu. Nani anaweza?

Mtu mzima wa miaka 18 hadi 65 mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi: mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Damu haiuzwi, na ukiona mtu anaiuza mripoti. Kundi la damu si lazima lifanane na la mtoto, kwa kuwa mnachotoa hujaza benki, naye hupewa inayomfaa.

Mtoto amerudi, anaonekana mzima. Kazi imekwisha?

Bado. Mtoto aliye kwenye dawa za saratani ana kinga ndogo, na homa yake si ya kungoja kupambazuke. Ikifika nyuzi 38, au mwili ukiwa wa moto na hamna kipimajoto, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, na mkifika semeni mlangoni kwamba yuko kwenye dawa za saratani. Asipewe dawa ya homa nyumbani mkangoja mwone. Nywele zake zitaota. Asichekwe madrasa. Tarehe za kliniki ziendelee kwenye daftari letu hata miaka miwili mbele. Yule binti wa uvimbe wa figo sasa yuko darasa la pili, na bado tunamchangia nauli ya kwenda kuangaliwa.

Madaktari wamesema hakuna tiba ya kumponya tena. Turudishe mchango?

Huu ndio wakati familia inapobaki peke yake, kwa sababu watu hudhani hakuna tena cha kusaidia. Kipo. Maumivu yana tiba. Mofini ya maji hutolewa kwa watoto kwa kipimo, na ikitolewa kama daktari alivyoelekeza haimuui mtoto wala haimfanyi teja. Hospitali Teule ya Muheza ni miongoni mwa mahali pa mkoa wetu palipozoea tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu mgonjwa asiyeweza kupona, kwa miaka mingi, na wahudumu wake wanajua kuongea na familia bila kuzungusha maneno. Ulizeni huko.

Nyumbani, mchango unageuka: mkaa, maziwa, shuka za kubadilisha, mtu wa kukesha ili mama alale saa nne mfululizo. Saa nne. Tumewaona kina mama waliokuwa hawajapata saa nne za usingizi kwa wiki. Mtoto akitaka embe bichi na chumvi, apewe. Akitaka kubebwa akaone mto, abebwe. Na mtoto akifariki, daftari halifungwi siku ya arobaini. Nauli ya msiba hupatikana kila mara. Mwezi wa tatu baada ya msiba ndio mgumu, wageni wameondoka na nguo za mtoto bado ziko kwenye kamba. Hapo ndipo tunapangiana zamu ya kwenda kukaa naye, hata kama ni kumenya muhogo kimyakimya.

Mimi ni mtu wa huku ila naishi Dar. Nitume shilingi ngapi?

Tuma unachoweza, lakini tuna ombi kubwa zaidi. Mama atashuka stendi ya Magufuli, Mbezi, jioni, na mtoto mgongoni na mfuko wa karatasi mkononi, hajui daladala ipi inakwenda Muhimbili. Kampokee. Mfikishe mpaka getini, ingia naye, ujue wodi na kitanda. Kisha Jumapili moja moja pita na wali wa nazi kwenye hotpoti, umshikie mtoto saa moja, naye akaoge na kufua.